Hali ya awali ya kisukari: Namba za mpakani na namna zinavyopimwa

KISUKARI cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, hakimwingii mtu kwa usiku mmoja. Kwa kawaida sukari katika damu hupanda polepole kwa miaka kadhaa, ikavuka kiwango cha mtu mwenye afya bila kufikia kile cha ugonjwa. Kipindi hicho cha katikati ndicho kinachoitwa hali ya awali ya kisukari.

Hali hiyo haina maumivu wala dalili inayoweza kumshtua mtu. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu ni dalili za kisukari chenyewe, na hujitokeza wakati sukari imekwisha kupanda sana. Kwa sababu hiyo, njia pekee ya kuitambua hali ya awali ni kupima damu, na jibu lake huja kama namba.

Namba hiyo ina uzito kwa kuwa mwenye hali hiyo bado anayo nafasi ya kuuzuia ugonjwa au kuuchelewesha kwa miaka mingi. Hata hivyo, namba hiyo hiyo inaweza kumpotosha asipojua imetokana na kipimo gani, damu ilichukuliwaje, na mpaka uliotumika uliwekwa na nani.

Mkoani Singida, ambako Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058, suala hilo linagusa maisha ya kila siku. Wapo wanaopimwa katika zahanati ya kijiji, wapo wanaokwenda vituo vya afya na hospitali za wilaya, wapo wanaotibiwa katika hospitali za mashirika ya dini kama Makiungu na Mtakatifu Gaspar ya Itigi, na wapo wanaofikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wengine hupimwa katika kambi za afya, hasa karibu na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Vifaa na taratibu za sehemu hizo havilingani, hivyo mtu mmoja anaweza kupata majibu mawili ndani ya wiki moja, moja likimwambia yu mzima na jingine likimtia hofu.

Sukari inavyodhibitiwa mwilini

Chakula cha wanga, kiwe ugali wa uwele, wa mtama au wa mahindi, viazi vitamu au wali, humeng'enywa na kuwa glukosi, yaani sukari inayosafiri ndani ya damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huifungulia glukosi njia ya kuingia katika misuli na sehemu nyingine za mwili ili itumike kama nishati au ihifadhiwe.

Mtu anapolala bila kula, mwili hauachwi bila nishati. Ini hutoa glukosi kidogo kidogo usiku kucha, na insulini huizuia isitoe kupita kiasi.

Matatizo huanza pale mwili unapoacha kuitii insulini kama inavyopasa. Mwanzoni kongosho hujitahidi kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na sukari hubaki katika kiwango chake. Kongosho linapoanza kuchoka, sukari hupanda. Iwapo kasoro imelemea zaidi upande wa ini, sukari huonekana iko juu asubuhi kabla ya kula. Iwapo imelemea zaidi upande wa misuli, sukari ya asubuhi huweza kuwa ya kawaida, lakini ikapanda baada ya mlo na kukawia kushuka.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini vipimo viwili vinaweza kutoa majibu mawili kwa mtu mmoja bila chochote kati yake kuwa na makosa. Kila kimoja hutazama upande wake.

Mipaka ilivyowekwa

Sukari ya damu haina ukingo wa asili ambapo afya huishia na ugonjwa huanzia. Mipaka imewekwa na wanasayansi kwa kuangalia ni katika kiwango gani madhara huanza kuongezeka, na imebadilishwa zaidi ya mara moja.

Hadi miaka ya 1970 kila nchi, na wakati mwingine kila hospitali, ilikuwa na kipimo chake. Watu wengi waliitwa wagonjwa wa kisukari cha mpakani na kubeba jina hilo maisha yao yote. Mwaka 1979 jopo la wataalamu wa Marekani lilipendekeza kundi la katikati kwa watu ambao mwili wao una uwezo pungufu wa kuhimili sukari, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali utaratibu wa namna hiyo.

Wakati huo mpaka wa kisukari kwa damu ya asubuhi ulikuwa juu kuliko wa leo. Katika miaka ya 1980 ulifikiwa mpaka wa milimoli 7.8 kwa lita. Mwaka 1997 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliushusha hadi 7.0, baada ya kuonekana kwamba madhara ya macho yatokanayo na kisukari huanza kuongezeka chini ya mpaka wa zamani. Mwaka huo huo kiliongeza kundi jipya la watu ambao sukari yao ya asubuhi imepanda bila kufikia kisukari, kuanzia 6.1. WHO nayo ilifuata mwaka 1999.

Mgawanyiko ulitokea mwaka 2003, Wamarekani waliposhusha mwanzo wa kundi hilo kutoka 6.1 hadi 5.6. WHO ilipoupitia upya utaratibu wake mwaka 2006, iliamua kubaki na 6.1, ikieleza kwamba kushusha mpaka kungeongeza mno idadi ya watu wanaoambiwa wana tatizo bila ushahidi wa kutosha kwamba wangefaidika. Aidha, shirika hilo lilisita kutumia jina la hali ya awali ya kisukari, kwa sababu wengi wa wenye kiwango hicho hawafikii kuugua. Lenyewe huzungumzia sukari iliyopanda kwa kiwango cha kati.

Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye sukari ya asubuhi ya 5.8 anahesabiwa kuwa mzima kwa kipimo cha WHO, lakini kwa kipimo cha Marekani ameingia katika hali ya awali ya kisukari. Anayesoma jibu lake kisha akatafuta maelezo katika intaneti anaweza kukuta kurasa mbili zinazopingana, na zote zikawa zimenukuu kwa usahihi.

Vipimo vinavyotumika

Kipimo cha kwanza ni cha sukari ya asubuhi kabla ya kula. Mpimwaji hutakiwa asile wala kunywa kitu chenye sukari kwa muda usiopungua saa nane. Maji matupu yanaruhusiwa, lakini chai yenye sukari, hata nusu kikombe, huharibu kipimo. Kwa utaratibu wa WHO, kiwango kilicho chini ya 6.1 ni cha kawaida, kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni cha kati, na 7.0 au zaidi ni kisukari. Baadhi ya maabara huandika majibu kwa miligramu kwa desilita. Ili kuyabadili, milimoli huzidishwa kwa 18, hivyo 6.1 ni sawa na 110, na 7.0 ni sawa na 126.

Kipimo cha pili ni cha kunywa glukosi. Baada ya damu ya asubuhi kuchukuliwa, mtu mzima hupewa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji ya kiasi cha mililita 250 hadi 300, akazinywa ndani ya dakika tano. Kiasi hicho ni zaidi ya sukari iliyomo katika chupa mbili za soda za mililita 300. Hukaa ametulia bila kuvuta sigara wala kutembeatembea, na damu huchukuliwa tena baada ya saa mbili. Kiwango kilicho chini ya 7.8 ni cha kawaida, kuanzia 7.8 hadi 11.0 ni cha kati, na 11.1 au zaidi ni kisukari.

Kipimo hicho kina masharti yanayosahaulika. Kwa siku tatu kabla yake mpimwaji anapaswa kula chakula chake cha kawaida chenye wanga wa kutosha, na asifunge kwa zaidi ya saa 14. Mtu aliyeondoka Ilongero au Mtinko alfajiri kwa baiskeli anahitaji kupumzika kabla ya kupimwa, kwa kuwa kazi ya misuli hubadilisha sukari ya damu. Pamoja na usumbufu wake, ni kipimo hiki kinachowabaini watu ambao sukari yao hupanda baada ya chakula pekee, na ambao kipimo cha asubuhi huwaacha wapite.

Mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilipendekeza njia fupi zaidi, ambapo damu huchukuliwa saa moja tu baada ya kunywa glukosi. Kwa pendekezo hilo, kiwango cha 8.6 au zaidi huashiria hali ya kati, na 11.6 au zaidi kisukari.

Kipimo cha tatu hujulikana kwa herufi HbA1c, na baadhi ya watu hukiita kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Glukosi hujishikiza kwenye himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na hubaki hapo katika uhai wote wa chembe nyekundu, ambao ni takribani siku 120. Kwa kupima ni sehemu gani ya himoglobini imeshikwa na sukari, maabara hukadiria wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mpimwaji halazimiki kuja bila kula.

Mwaka 2011 WHO ilikubali kwamba HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi inatosha kuthibitisha kisukari, lakini haikuweka mpaka wa hali ya awali. Chama cha Marekani kilikuwa kimeweka mpaka huo mwaka 2010, kuanzia asilimia 5.7 hadi 6.4, wakati jopo la kimataifa la mwaka 2009 lilitaja 6.0 hadi 6.4. Hapa pia mpaka hutegemea aliyeuweka.

Kipimo cha nne ni cha wakati wowote, bila kujali mtu amekula saa ngapi. Hiki ndicho hufanyika zaidi kwenye kambi za afya na viwanja vya maonesho. Kinaweza kuthibitisha kisukari iwapo kiwango ni 11.1 au zaidi na mtu ana dalili zilizo wazi, lakini hakina mpaka wowote wa hali ya awali. Mtu aliyetoka kula ugali na kuku akapimwa na kukutwa na 8.3 hawezi kuambiwa kwa namba hiyo pekee kwamba ana hali ya awali ya kisukari, wala kuhakikishiwa kwamba hana. Kinachofaa ni kurudi asubuhi nyingine kabla ya kula.

Kidole na mshipa

Mipaka yote iliyotajwa imewekwa kwa sukari ya plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, kutoka katika damu ya mshipa iliyopimwa maabara. Katika sehemu nyingi, hata hivyo, kinachotumika ni mashine ndogo ya mkononi, tone la damu ya kidole na stripu.

Mashine hizo zimeokoa maisha ya wengi. Zinamwezesha mgonjwa wa kisukari kujifuatilia, na zinamwezesha mganga wa zahanati kumtambua haraka aliyezidiwa. Lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya kutenganisha namba zilizokaribiana. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa mashine hizo, kilichotolewa mwaka 2013, kinataka asilimia 95 ya majibu yasitofautiane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapofikia takribani 5.6 na kuendelea.

Maana yake ni kwamba mtu ambaye sukari yake halisi ni 6.1 anaweza kusomwa 5.2 au 7.0 na mashine ambayo ni nzima na inayokidhi viwango. Jibu la kwanza litamwambia hana tatizo kabisa, na la pili litamwita mgonjwa wa kisukari. Hali ya awali ya kisukari yote, kuanzia 6.1 hadi 6.9, imo ndani ya kosa linalovumiliwa la mashine hiyo.

Mambo mengine huzidisha tofauti. Kidole kilichoshika embe au asali bila kunawa husomeka kuwa na sukari nyingi kuliko damu iliyomo. Stripu zilizopita muda, au zilizoachwa wazi kwenye joto na vumbi, hutoa majibu yasiyoaminika. Mtu mwenye upungufu wa damu huweza kusomeka juu kuliko ukweli. Kwa hiyo mpimwaji anatakiwa anawe mikono kwa maji na sabuni na kuikausha, na mpimaji ahakikishe tarehe ya stripu na kufunga kopo lake kila mara.

Damu ya mshipa nayo ina hatari yake. Chembe za damu huendelea kula glukosi hata zikiwa ndani ya chupa ya maabara. Damu iliyoachwa katika joto la kawaida bila kutenganishwa hupoteza takribani asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa. Sampuli iliyochukuliwa asubuhi katika kituo cha mbali na kufika maabara ya wilaya baada ya saa mbili inaweza kuwa imeshuka kutoka 6.4 hadi chini ya 6.0, na mtu akaandikiwa kuwa yuko salama.

Kinga ya hitilafu hiyo ni kuiweka chupa kwenye barafu na kuitenganisha damu mapema iwezekanavyo. Chupa maalumu yenye dawa ya floraidi, ambayo mara nyingi huwa na kifuniko cha kijivu, husaidia, ingawa dawa hiyo huchukua muda kabla ya kufanya kazi kikamilifu. Ni jambo dogo la maabara, lakini kwa mtu aliye mpakani ndilo linaloamua jina atakaloondoka nalo.

Pale HbA1c inapokosea

Kwa kuwa HbA1c hutegemea uhai wa chembe nyekundu, chochote kinachofupisha au kurefusha uhai huo hubadilisha jibu. Katika Afrika Mashariki jambo hilo si la pembeni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na watu wenye kurithi sehemu moja tu ya ugonjwa huo, ambao huishi wakiwa wazima, ni wengi zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wamarekani wenye asili ya Afrika ulionyesha kwamba waliorithi sehemu moja ya selimundu husomeka chini kwa takribani nukta 0.3 za asilimia, kwa kiwango kile kile cha sukari. Tofauti hiyo inatosha kumwondoa mtu katika kundi la hali ya awali wakati anastahili kuwamo. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao unapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, nao hushusha jibu kwa sababu ya kufupisha uhai wa chembe. Kupoteza damu au kuongezewa damu karibuni hubadilisha jibu pia. Upungufu wa madini ya chuma, kwa upande wake, huweza kulipandisha.

Mwenye mojawapo ya matatizo hayo anastahili kupimwa sukari yenyewe, asubuhi au kwa kunywa glukosi.

Yaliyoonekana nchini

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kupima hali ya kati kwa watu wengi wa vijijini. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya watu 6,299 wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika vijiji sita. Waliokutwa na kisukari hawakufikia asilimia 1, lakini wenye uwezo pungufu wa kuhimili sukari walikuwa takribani asilimia 8. Katika vijiji hivyo, kwa kila mgonjwa mmoja walikuwapo watu kadhaa waliosimama katikati.

Mwaka 2000 utafiti mwingine ulilinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wa kijiji mkoani Kilimanjaro. Mjini kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake. Kijijini kilikuwa asilimia 1.7 na 1.1. Uzito wa mwili na upungufu wa kazi za kutumia nguvu vilitajwa kuwa sehemu ya sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1.

Vipimo na umri wa waliochunguzwa havikufanana, hivyo takwimu hizo hazipaswi kulinganishwa moja kwa moja, lakini mwelekeo wake hauna utata. Kwa Singida, mkoa wa wakulima wa alizeti, uwele, mtama na vitunguu na wafugaji, ambao idadi ya watu wake ilikuwa 1,370,637 mwaka 2012, mwelekeo huo unamaanisha kwamba kila mji mdogo unaokua kando ya barabara kuu, pikipiki ikichukua nafasi ya miguu na soda nafasi ya togwa, unasogea upande wa Dar es Salaam ya utafiti ule.

IDF ilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wa Afrika walikuwa na kisukari, na asilimia 54 kati yao walikuwa hawajatambuliwa. Ikiwa ugonjwa wenyewe hupita bila kuonekana kwa zaidi ya nusu ya wenye nao, hali inayoutangulia hupita kwa urahisi zaidi.

Anayepaswa kupimwa

Wataalamu hawashauri kila mtu apimwe kila mara. Wanaotangulizwa ni wenye uzito uliozidi, hasa mafuta ya tumboni, wenye mzazi, kaka au dada mwenye kisukari, wenye shinikizo la damu, na wanawake waliopata kisukari wakati wa ujauzito au kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo nne. Umri nao huhesabiwa. Miongozo ya Marekani, ambayo zamani ilianzia miaka 45, tangu mwaka 2021 huanzia miaka 35.

Upimaji wa hali ya awali haufai kufanyika mtu akiwa mgonjwa. Malaria kali, homa ya mapafu, jeraha kubwa au upasuaji huweza kuipandisha sukari kwa muda, na dawa kama prednisoloni hufanya vivyo hivyo. Mjamzito naye hupimwa kwa mipaka yake, ambayo ni ya chini zaidi. Kwa WHO, tangu mwaka 2013, sukari ya asubuhi ya 5.1 kwa mjamzito huhesabiwa kuwa kisukari cha ujauzito.

Kwa asiye na dalili, jibu moja halitoshi. Kipimo hurudiwa siku nyingine, ikiwezekana kwa damu ya mshipa na katika maabara ile ile.

Baada ya kupata jibu

Mwenye hali ya awali ya kisukari si mgonjwa wa kisukari. Makadirio ya tafiti mbalimbali yanaonyesha kwamba kati ya watu 100 wenye hali hiyo, watano hadi kumi huingia katika ugonjwa kila mwaka. Wengine hubaki walipo kwa miaka, na wengine hurudi katika kiwango cha kawaida.

Kinachotoa matumaini ni ushahidi wa tafiti tatu kubwa. Katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 wenye uwezo pungufu wa kuhimili sukari walifuatiliwa kuanzia mwaka 1986. Waliobadili chakula na kufanya mazoezi kwa miaka sita walionekana, hata baada ya miaka 30, kuwa walikichelewesha kisukari kwa karibu miaka minne. Nchini Finland, katika utafiti wa watu 522 uliochapishwa mwaka 2001, waliobadili mwenendo walipunguza hatari kwa asilimia 58. Nchini Marekani, katika utafiti wa watu 3,234 uliochapishwa mwaka 2002, mabadiliko ya mwenendo yalipunguza hatari kwa asilimia 58 vilevile, wakati dawa ya metformini iliipunguza kwa asilimia 31.

Walichotakiwa kufanya Wamarekani hao ni kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kujishughulisha kwa dakika 150 kwa wiki, kiasi cha kutembea haraka nusu saa kwa siku tano. Mtu wa kilo 85 angetakiwa kupunguza kilo sita tu. Kwa kulinganisha, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, jamii ambayo baadhi ya watu wake huishi wilayani Mkalama, ulikuta kwamba hujishughulisha kwa zaidi ya saa mbili kila siku.

Upande wa chakula, ushauri haumtaki mtu wa Singida aache ugali. Unamtaka apunguze kipimo cha ugali, achague dona au nafaka isiyokobolewa badala ya sembe, aongeze mlenda, mboga za majani na kunde, apunguze sukari katika chai na soda, na asimimine mafuta kwa wingi, hata kama ni ya alizeti ya nyumbani. Uamuzi wa kutumia metformini ni wa daktari. Kipimo hurudiwa angalau mara moja kwa mwaka.

Maswali ya kuuliza

Anayepokea jibu la sukari anayo haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kuondoka. Ni kipimo cha aina gani kilichofanyika, cha asubuhi, cha wakati wowote, cha kunywa glukosi au HbA1c? Damu ilikuwa ya kidole au ya mshipa? Namba imeandikwa kwa milimoli au kwa miligramu? Mpaka uliotumika ni wa WHO au wa Marekani? Na kipimo cha kuthibitisha kitafanyika lini?

Ni vyema namba, tarehe na aina ya kipimo viandikwe katika daftari la kliniki na kutunzwa. Namba moja ya mpakani haisemi mengi. Namba tatu au nne zilizochukuliwa kwa njia moja, mwaka baada ya mwaka, huonyesha sukari inakoelekea, na humpa daktari na mwenye damu yake muda wa kuirudisha.